Pumba tunazozichoma ovyo ni saruji

Ukipita Igurusi, Mbarali, baada ya mavuno, utaona vilima vya pumba nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Nyingine huchomea matofali, nyingine huwashwa moto tu, zikafuka siku kadhaa. Niliokota donge la majivu yake: nje jeusi, ndani la kijivu, jepesi kama sifongo. Ukilisugua kwa kidole linakwaruza. Kinachokwaruza ni silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya majivu hayo.

Inauma kuiona ikipeperuka. Saruji ikichanganywa na maji hutoa gundi inayoshika kokoto, lakini hutoa pia chokaa isiyoongeza nguvu. Silika ya majivu huila chokaa hiyo na kuigeuza gundi nyingine, inayoziba vinyweleo vya zege. Mtu wa Kigamboni au Bagamoyo ananielewa. Chumvi ya bahari hupita kwenye vinyweleo hivyo hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu na kuvimba, zege likabanduka vipande vipande. Kuongeza mifuko ya saruji peke yake hakutoshi kuziba njia hiyo.

Kuna na hewa ukaa. Saruji inachangia takribani asilimia 8 ya hewa hiyo inayozalishwa na binadamu, na zaidi ya nusu yake hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa. Hata ukiwasha tanuri kwa umeme wa jua, jiwe litaitoa tu. Dawa ni kupunguza klinka, yaani punje ngumu zitokazo tanurini na kusagwa kuwa saruji, na majivu yachukue sehemu ya nafasi yake.

Mafundi wengi wakisikia majivu husema saruji imechakachuliwa. Basi wasome mfuko: ukiandikwa CEM IV, humo mna pozolana, yaani unga unaoila chokaa kama yafanyavyo majivu ya pumba, mara nyingi majivu ya volkano. Mbeya wanayachimba Songwe miaka mingi.

Ila si majivu ya jikoni. Moto ukizidi sana nyuzi 700, silika inakuwa kama mchanga wa kawaida. Ukiwa hafifu, masizi yanabaki na kunywa maji ya zege. Lazima yasagwe laini, kwa kuanzia yachukue nafasi ya asilimia 10 ya saruji, na zege limwagiliwe wiki mbili, kwa kuwa hukomaa polepole.

Ninachoziomba halmashauri za mpunga ni tanuri moja lenye kipimo cha joto na kinu kimoja, jirani na mashine, kisha zege lake lipimwe nguvu siku ya 28 na ya 90, majibu yabandikwe mafundi wayaone.