Mikrowevu darasani: ifunguliwe au ibaki imefungwa?

Mwalimu mmoja wa fizikia, rafiki yangu, alinunua oveni ya mikrowevu iliyokufa katika soko la Kibuye hapa Kisumu. Nia yake ilikuwa kuifungua mbele ya Kidato cha Nne. Mwalimu mwenzake akamkataza katakata. Nimezipima hoja zao kwa muda, maana wote wawili wanawatakia wanafunzi mema.

Anayetaka kufungua ana haki ya kusikilizwa. Mawimbi ya mikrowevu, yale yanayopasha chakula moto ndani ya oveni hiyo, hufundishwa kwa mchoro ubaoni: mwanafunzi anakariri kwamba urefu wake ni kati ya milimita 1 na meta 1, kisha anasahau. Vifaa vya maabara vilivyoundwa kwa kazi hii, vyenye mawimbi ya karibu sentimita 3 na nguvu ya miliwati chache tu, shule nyingi za huku hazivimudu. Mtoto akiishika mwenyewe magnetroni, yaani kifaa kinachozalisha mawimbi hayo, akaziona sumaku zake, hasahau.

Lakini ndani ya kasha hilo mna kitu kinachoua. Transfoma huupandisha umeme wa volti 240 hadi zaidi ya 2,000, na kapasita huweza kuushikilia hata baada ya plagi kung'olewa. Baadhi ya magnetroni zina kauri ya berili oksidi. Ikivunjika, vumbi lake hudhuru mapafu. Tena mwanafunzi mwerevu hatakomea kutazama. Atataka kuiwasha magnetroni ikiwa nje ya kasha, mamia ya wati yasiyoonekana yamlenge usoni. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu ya kuipoza, na joto hilo laweza kuleta mtoto wa jicho.

Kinachonisumbua ni kwamba hofu yetu imekaa mahali pasipo pake. Wapo wanaokataa chakula kilichopashwa moto humo wakisema kina mionzi. Mawimbi haya hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, wala hayabaki kwenye chakula, kama mwanga usivyobaki chumbani taa ikizimwa. Mtu huyohuyo anayeiogopa sahani ataipeleka bisibisi kwenye kapasita bila wasiwasi.

Kwa hiyo naegemea upande wa kutofungua, na si kwa woga tu. Oveni nzima, yenye mlango usiopinda wala kulegea, inafundisha mengi ikiwa imefungwa. Toa sahani inayozunguka. Weka chokoleti kwenye sahani bapa, uiinue isiguse kizungushio, kisha washa kwa sekunde 15 au 20. Itayeyuka kwa madoa. Pima kutoka doa hadi doa: ukipata sentimita 6, hiyo ni nusu ya wimbi. Zidisha sentimita 12 kwa masafa yaliyoandikwa nyuma ya oveni, gigahezi 2.45, yaani mitetemo bilioni 2.45 kila sekunde, upate meta milioni 294 kwa sekunde. Kasi ya mwanga ni karibu milioni 300. Mtoto ameipima kwa rula!

Samaki wa barafu naye ni somo. Barafu hufyonza mawimbi haya kidogo sana kuliko maji, ndiyo maana mbuta huiva pembeni huku katikati bado ni jiwe. Hapo pia tusahihishe kosa linalorudiwa madarasani, kwamba gigahezi 2.45 ni masafa ya asili ya maji, yaani mtetemo maalumu wa molekuli zake. Sivyo, molekuli za maji hugeuka-geuka zikifuata wimbi na kupashana joto, na hufanya hivyo kwa masafa mengi. Mvua kubwa ya jioni ikikata picha ya runinga ya dishi, ni maji yaleyale yanayofyonza na kutawanya mawimbi ya jamii hiyohiyo, ya gigahezi 11 au 12.

Rafiki yangu hajaridhika. Anataka vitu vya kushikwa. Namwelewa, na nadhani njia ipo: fundi mwenye ujuzi atoe kapasita, transfoma na magnetroni hukohuko karakanani, shule ipokee kasha tupu na mlango wake. Wavu wa mlango huo upite mikononi mwa darasa zima, kila mmoja apime tundu la milimita 1 au 2, kisha aeleze kwa nini wimbi la sentimita 12 halipiti ilhali mwanga unapita.