Python ianzie kwenye dumu la mawese

Vijana wa hapa Kigoma wanaotaka kujifunza kuandika programu hukwama kwenye swali moja: nianze na lugha gani? Huyu anaambiwa C, yule Java, mwingine JavaScript kwa kuwa ndiyo ya tovuti. Wiki zinakatika, bando linaishia kwenye video, na hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa.

Jibu langu ni Python, na wala sitaitetea sana. Ni ya bure, mistari yake ni mifupi, na tangu Guido van Rossum aitoe mwaka 1991 imepata watumiaji wengi kiasi kwamba kosa lolote utakalolifanya lina mtu aliyekwisha kulieleza mahali. Kompyuta si lazima. Simu ya Android yenye Pydroid 3, programu ya kuandikia Python, inatosha, na ukishaipakua unaandika na kuendesha programu zako bila intaneti.

Ninalolishikilia hasa ni hili: programu yako ya kwanza iwe hesabu ambayo jibu lake unalijua kabla ya mashine. Mafunzo mengi hupenda mifano ya Fahrenheit na bei za pizza. Kijana wa Mwanga, Fahrenheit inamhusu nini? Akipewa jibu la ajabu hatajua hata kama ni la ajabu.

Mpe mawese. Tuseme dumu ni shilingi 60,000 na mteja anataka matatu. Mama muuza mawese atakutajia 180,000 kabla hujamaliza kuuliza. Sasa andika:

bei = 60000
madumu = input("Madumu mangapi? ")
print(bei * madumu)

Jaza 3. Badala ya 180000, skrini inafurika 33333, tarakimu 60,000 zimefuatana. Sababu ni kwamba kila kinachopita kwenye input Python hukipokea kama maandishi, hata kama umebonyeza namba, na maandishi yakizidishwa hurudiwa. Mstari wa pili ukiwa hivi, int inayageuza maandishi hayo kuwa namba na mambo yanakaa sawa:

madumu = int(input("Madumu mangapi? "))

Kwa sababu bei ya mawese unaijua, hapo hapo umeona kuna kitu hakiko sawa, ukatafuta. Kuna mtego mwingine mzuri zaidi. Andika bei kama tunavyoiandika kwenye daftari la duka, 60,000. Python haitalalamika hata kidogo. Kwake mkato unatenganisha vitu, kwa hiyo umeipa namba mbili, 60 na 0, na ukizidisha kwa 3 inakurudishia (60, 0, 60, 0, 60, 0). Ukitaka maelfu yasomeke, andika 60_000.

Kuhusu majina kama bei na madumu, wapo watakaokukaripia kwamba programu huandikwa kwa Kiingereza. Ukiajiriwa kwenye timu, fuata desturi ya timu. Kwa sasa maneno ya lazima ya Python hayafiki hata 40, yajifunze hayo, na mengine yote yaite unavyoyaita nyumbani.

Ukitoka kwenye mawese, nenda ziwani. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, na boti nyingi hupumzika. Kila mtoto wa Kibirizi anaijua kanuni hiyo, kwa hiyo masharti ya Python hayatamsumbua:

mbalamwezi = True  # True ni ndiyo, False ni hapana
if mbalamwezi:
    print("Leo tunalala nyumbani")
else:
    print("Tunaingia ziwani")

Angalia mistari iliyosogezwa ndani. C hutumia mabano kuonyesha kipi kiko chini ya sharti gani. Python hutumia nafasi hizo zenyewe, na ukizikosea, mara nyingi programu inakataa kwenda. Wengine hukereka. Mimi naona zinamfundisha mtu unadhifu bila fimbo.

Wanaotetea C wana hoja, maana inakuonyesha kumbukumbu ya kompyuta inavyofanya kazi. Jifunze baadaye, ukishakuwa na programu yako inayotumika dukani kwa mjomba.

Na ukikuta video ambayo mwalimu anaandika print bila mabano, ifunge. Hiyo ni Python 2, iliyoachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na mistari yake mingi kwenye simu yako itagoma.