Miji dada na meya asiye na bomba

Pita soko la Tandale alfajiri, kabla jua halijakaza, uone kinachobaki baada ya mzigo wa usiku kushushwa: mikungu mitupu, maganda, nyanya zilizopasuka, majani ya kabichi yaliyokanyagwa mpaka yakawa uji. Kwa miaka mingi safari ya uchafu wa namna hiyo ilikuwa moja tu, dampo la Pugu Kinyamwezi, upande mwingine kabisa wa Dar es Salaam. Siku hizi sehemu ya taka za masoko ya Kinondoni, moja ya manispaa za Dar es Salaam, inaishia Mabwepande, kwenye kiwanda cha mboji kilichojengwa kwa fedha za Ujerumani. Kimetokana na undugu wa Dar es Salaam na Hamburg, miji iliyotiliana saini mwaka 2010.

Nakitaja kiwanda hicho kwa sababu mjadala wa misaada umebadilika ghafla. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa rasmi Julai 1, 2025, na serikali kadhaa za Ulaya nazo zinabana mifuko. Katika ukame huo wapo wanaosema dawa ni miji dada: manispaa kwa manispaa, bila wizara katikati, bila mashirika yanayokula nusu ya bajeti kwenye ofisi na magari. Hoja hiyo ina uzito, ingawa kuna mahali inapwaya.

Nguvu yake kubwa ni kudumu. Mwanza ilifunga undugu na Würzburg ya Ujerumani mwaka 1966, na Tampere ya Finland mwaka 1988. Tangu hiyo 1966 Tanzania imepita Azimio la Arusha, vita vya Kagera, vyama vingi na marais sita. Mradi wa kawaida wa wafadhili una miaka mitatu, mitano ukibahatika, kisha ripoti ya mwisho na bango la barabarani linaloliwa na kutu. Jimbo la Rheinland-Pfalz la Ujerumani na Rwanda wako pamoja tangu 1982, na uhusiano huo haukufa hata baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wakati ambapo ilikuwa rahisi kwa yeyote wa nje kufunga virago.

Nguvu ya pili ni ya watu wa kazi. Mtaalamu mshauri analipwa kwa kuandika ripoti. Mtu wa idara ya taka wa Hamburg hana shughuli tofauti na ya mwenzake wa Kinondoni: lori limekufa gia, diwani anapiga simu, mtaa mzima unalalamika. Wakikaa pamoja wanaulizana maswali ambayo mshauri hawezi kuyafikiria, kama vile nani anashika ufunguo wa karakana, na taka za jumapili zinalala wapi.

Lawama za upande wa pili tunazijua, sizirefushi. Kuna ziara za mafunzo ambazo funzo lake kubwa ni posho. Kuna magari na vitanda vya hospitali vya mtumba vinavyoletwa kwa vifijo, halafu kipuri kimoja kinakosekana nchi nzima. Na kuna udogo wenyewe: undugu wa miji hujenga darasa, choo, kiwanda kimoja cha mboji, wakati jiji linaongezeka watu kila mwezi. Yote ni kweli, lakini yanatibika.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Undugu wa miji unachukulia kwamba kuna miji miwili. Tuitazame Hamburg. Ni mji na ni jimbo kwa wakati mmoja, una seneti yake na bunge lake. Kampuni ya maji ni mali ya mji, na ya taka pia. Mwaka 2013 wananchi wake walipiga kura ya maoni wakaamua mji ununue tena mitandao ya umeme, gesi na joto iliyokuwa imeuzwa kwa makampuni. Wakaamua, ikanunuliwa.

Sasa meya wa kwetu. Maji ni ya DAWASA, mamlaka iliyo chini ya wizara. Umeme ni wa TANESCO. Barabara za mitaa zilihamishiwa TARURA, wakala wa serikali kuu, mwaka 2017. Zimamoto, ambayo Ujerumani ni kazi ya manispaa, hapa ni jeshi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo chakula cha kila siku cha halmashauri, ilipelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Mkurugenzi wa halmashauri, anayeshika kalamu ya malipo, anateuliwa na Rais. Meya anabaki na joho, mkufu, masoko na taka.

Ndiyo maana sishangai kwamba mradi unaoonekana zaidi wa Hamburg na Dar es Salaam ni wa taka. Ndugu wawili huzungumzia kile ambacho wote wawili wanacho.

Tena huyo ndugu wa kwetu anaweza kufutwa. Februari 2021 Rais Magufuli alivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Kiwanda kiko Kinondoni, ambayo haikuwa jiji wala kabla wala baada. Kenya, Seattle ya Marekani ilifunga undugu na Mombasa mwaka 1981. Baraza la manispaa la enzi hizo likaondoka 2013, kaunti ikaja. Rwanda ilipunguza wilaya zake kutoka 106 hadi 30 mwaka 2006. Si kwamba mageuzi hayo yalikuwa mabaya. Ugatuzi wa Kenya umeipa Mombasa mamlaka kuliko ilivyokuwa nayo, na wapo watakaosema TARURA inajenga barabara kwa ramani ya mhandisi kuliko kwa kelele za diwani. Nakubali sehemu. Lakini kwa mshirika wa Ulaya ni kama kuoa ukoo ambao kila baada ya miaka michache unabadilisha jina, na mahari uliyotoa hujui ilibaki kwa nani.

Wazungu nao wasijitoe lawamani. Katika utaratibu mkuu wa Ujerumani wa kugharamia miradi ya namna hii, NAKOPA, mwombaji wa fedha ni manispaa ya Ujerumani. Ndiyo inayojaza fomu, ndiyo inayopokea, ndiyo inayotoa hesabu kwa ofisi ya mpango huo iliyoko Bonn. Kinondoni haiwezi kuomba yenyewe. Na fedha zenyewe zinatoka serikali kuu ya Berlin, kwa hiyo ile sifa ya kuruka wizara ni ya nusu tu. Ongeza safari: mgeni kutoka Hamburg anaomba viza ya Tanzania akiwa sebuleni kwake, dola 50. Mhandisi wa Dar analipa euro 90, anatafuta miadi ubalozini, anapeleka taarifa ya benki kuthibitisha kwamba atarudi nyumbani kwa mke wake na kwa malori yake mabovu.

Nikipima, bado ningependa miji dada iongezeke. Ila mkataba ukiletwa mbele ya baraza la madiwani, nisingeuliza msaada ni euro ngapi. Ningeuliza kasma, yaani fungu la bajeti litakaloendesha mradi. Mboji haijitengenezi: taka lazima zichambuliwe, maana mifuko ya plastiki ikiingia hakuna mkulima wa mchicha atakayeinunua, lundo lazima ligeuzwe ili lipate hewa na joto, mashine ya kugeuza inakunywa dizeli. Dizeli hiyo haimo kwenye zawadi ya mtu yeyote. Inapaswa kutoka mapato ya ndani, na mwenye nyumba wa Tandale anaponunua umeme leo jioni, kodi ya jengo lake inapitia TRA kwanza kabla mtu wa Kinondoni hajaiona.