Jenerali, Msalimie Mjomba

Naandika haya nikiwa na kiatu kimoja mguuni. Cha pili kiko nje juu ya jiwe, jua linakipiga na nzi wanakijadili. Nimekikwangua kwa kijiti, kijiti kikavunjika. Nikatafuta msumari. Sasa nimeishia kwenye mswaki ambao naapa ulikuwa wa kutupwa, ingawa kuna mtu humu ndani amenyamaza kwa namna nisiyoipenda. Aliyebuni soli zenye mifereji hakuwahi kukutana na mbwa. Ile mifereji haitoi kitu. Inapokea tu.

Mnajua ninachosema. Mnaijua ile hatua moja ambayo ardhi inakuitikia kwa ulaini usio wa kawaida. Mnajua jinsi mtu anavyoendelea kutazama mbele kwanza, akijipa moyo kwamba ni tope, na mvua haijanyesha mwezi mzima. Halafu unaingia kwenye nyasi unaburuta mguu, na anayekuona kwa mbali anadhani uko kwenye mazoezi ya ngoma.

Siku hizi kila mtu ana mbwa. Sisemi kwa ubaya. Zamani mbwa alikuwa mwajiriwa: alilinda, aliwinda, alichunga, akala makombo akalala nje. Leo kaingia ndani, ana kitanda, ana koti la baridi, ana siku ya kuzaliwa na picha zake zinawekwa mtandaoni kabla ya za mke. Korona ilipotufungia majumbani, watu katika nchi nyingi walichukua mbwa wapate angalau sababu ya kutoka nje. Korona ikapungua, mbwa wakabaki, na mbwa mwenye afya anakwenda haja mara moja hadi tatu kwa siku. Zidisha mwenyewe. Mimi nilianza ile hesabu, tumbo likachafuka, nikaiacha.

Na si kwamba ni mgeni tuliyempokea juzi. Huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, walifukua kaburi la miaka kama 14,000 iliyopita, wakamkuta mbwa amezikwa pamoja na mwanamume na mwanamke. Miaka 14,000 ya urafiki, mpaka kaburini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliweka mezani suala la choo.

Sasa nije kwa Jenerali.

Asubuhi nilikuwa nakatiza zangu uwanjani, pale pale tunapokatiza wote, nimevaa kiheshima kwa sababu nilikuwa na miadi na mtu wa maana. Mbele yangu anakuja kijana, suruali ya mazoezi, vidude masikioni, kamba mkononi, na mwisho wa kamba mbwa mwenye kifua cha kiofisa. Tulipokaribiana, mbwa akaanza kuzunguka. Mara kushoto, mara kulia, pua chini, anakagua.

Mzunguko ule una elimu yake. Watafiti wa Jamhuri ya Cheki na Ujerumani waliwafuatilia mbwa 70, wakachapisha mwaka 2013 kwamba uga wa sumaku wa dunia ukitulia, mbwa hupenda kujisaidia mwili wake ukiwa umelala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Waliandika haja kubwa 1,893. Watu wazima, wenye shahada, wameshika daftari, nyuma ya mbwa, mara 1,893. Mwaka uliofuata wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazokuchekesha kwanza ndipo zikufikirishe. Basi Jenerali naye akazunguka, akaitafuta kaskazini, akaipata. Kusini ndiko nilikokuwa nimesimama mimi.

Kijana akanitazama. Nikamtazama. Mbwa akakunja mgongo.

"Shikamoo mzee," akasema, akichomoa kidude kimoja sikioni.

Sasa niambieni, mtu anafanyaje? Heshima imeshaletwa, huwezi kuirudisha. Nikasema marahaba. Nikaisema yote, kwa kituo, huku nikiona kwa macho yangu yanayotendeka nyuma ya Jenerali.

"Habari za nyumbani, mzee?"

"Njema."

"Na kazi?"

"Inaendelea," nikasema, na sikuwa nazungumzia yangu.

Jenerali akamaliza. Akachimba kwa miguu ya nyuma, kwa ushujaa mkubwa, nyasi zikaruka kulia na mzigo ukabaki kushoto. Msidhani alikuwa anajaribu kufukia. Mbwa ana tezi za harufu kwenye nyayo. Ile kuchimba anatia sahihi. Yaani siyo tu kwamba amefanya, anataka ijulikane aliyefanya.

"Jenerali, msalimie mjomba."

Mjomba! Hivi hivi, bila mkutano wa ukoo. Dada yangu ana watoto, nawajua wote kwa majina, nimewabeba, nimewalipia ada, na hakuna hata mmoja mwenye mkia. Lakini mpwa wangu mpya akaja, akaninusa goti, akanusa na viatu, ambavyo wakati huo bado vilikuwa viwili na vyote vina hadhi.

Nikakohoa. Kikohozi cha mtu mzima kina maana nyingi, hiki kilikuwa na moja. Nikatazama chini, nikamtazama kijana, nikatazama chini tena. Yeye akatazama juu. Akasema leo kuna mawingu.

"Kijana wangu," nikasema, "naona Jenerali kaacha kitu."

"Hiyo? Hiyo tumeikuta, mzee."

"Mbona inafuka?"

Akaitazama. Ilikuwa inafuka kweli, kile kibaridi cha asubuhi kilikuwa upande wangu.

"Ah, mzee, mbolea tu hiyo. Nyasi zitapendeza."

Hapo ndipo hadhi yangu ilipoanza kulegea vifungo. Mbolea! Ng'ombe anakula majani, anayarudishia majani, hiyo sina neno. Mbwa anakula nyama, na anachoangusha kimejaa naitrojeni na fosforasi kiasi cha kubabua nyasi kabla ya kuzistawisha. Mvua ikikisomba hadi mtoni kinaotesha mwani na kupeleka vijidudu, na ndiyo maana Marekani wanakihesabu miongoni mwa vichafuzi vya maji. Nikamwambia yote hayo. Nikamtajia na minyoo. Kijana alinisikiliza kwa adabu, kichwa chini, anaitikia "ndiyo, ndiyo", nami nikajiona nalijenga taifa, mpaka nilipogundua kwamba kile kidude kimesharudi sikioni na ile "ndiyo, ndiyo" alikuwa anampa mtu mwingine.

Nimseme na kwa jema lake: mifuko alikuwa nayo. Ilikuwa imeviringishwa ndani ya kikasha chenye umbo la mfupa, kinaning'inia kwenye kamba. Nikakinyooshea kidole.

"Hicho kilikuja na kamba, mzee."

"Ndiyo. Kina kazi yake."

Akachomoa mfuko mmoja. Haukufunguka. Akaupuliza, akausugua viganjani, akajaribu upande wa pili ambao nao haukuwa mdomo, akalamba kidole, ukafunguka. Akauvaa mkononi. Akainama huku uso kaugeuzia pembeni, kwa hiyo akaokota kwanza majani, kisha kokoto, mwishoni akapata nusu. Nusu tu. Ile nyingine akaisukuma kwa ncha ya kiatu ikatandazika nyasini, akahesabu kwamba imekwisha. Akageuza mfuko, akafunga fundo, na fundo lenyewe, wallahi, lilikuwa zuri, mafundo mawili, moja juu ya jingine. Nikaanza kulainika. Nikamwita mwanangu. Nilikuwa nimekaribia kumwombea baraka alipotazama huku na huku, akanyoosha mkono, akautundika mfuko kwenye tawi la mti.

Akautundika, jamani!

"Nitauchukua nikirudi, mzee."

"Unarudi njia hii?"

"Hapana, leo tunazungukia kule."

Hebu nisaidieni hapa. Kitu ambacho mvua, jua na mende wangepambana nacho mpaka kiishe, kijana kakiweka ndani ya plastiki kidumu, halafu kakipandisha juu kionekane. Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikarudi nyuma hatua moja nipate nafasi ya kufoka vizuri, na nyuma yangu, imetandazwa kwa uangalifu wote, ilikuwa inanisubiri ile nusu nyingine.

"Pole mjomba," akasema.

Mtu wa maana alinipokea mlangoni na tukamalizia mazungumzo pale pale mlangoni.

Na huyo ndiye mwenye adabu! Kuna yule mama wa mbwa watatu, anayetembea mbele na kuwaacha wafuate nyuma, maana usichokiona hakikuhusu. Kuna bwana ambaye mbwa wake akichuchumaa tu, yeye simu inaita: "Haloo? Haloo?" na kioo cha simu kimezima. Kuna mwingine hutoka usiku wa manane bila tochi, na huyo angalau najua anajua.

Nacheka, lakini kuna siku sicheki. Kuna mtu asiyeona anayepita njia yetu na fimbo nyeupe. Ile fimbo inatangulia, inagusa, inateleza kushoto na kulia, na ncha yake inapita katikati ya vyote mlivyoviacha. Akifika aendako anaikunja ile fimbo kwa mikono yake, anaishika pale pale chini. Mlishafikiria hilo? Kuna anayesukuma magurudumu ya kiti chake kwa viganja. Kuna watoto. Minyoo niliyomtajia yule kijana inaitwa Toxocara canis, watoto wa mbwa wengi huzaliwa nayo, na ujanja wake ni kwamba mayai yakitoka hayaambukizi siku ile ile: yanahitaji majuma kadhaa udongoni yakomae, kisha yanaweza kukaa humo miaka. Kwa hiyo lile fungu unaloliona ukaliruka si ndilo la kuogopa sana. La kuogopa ni lile lililokwisha kusambaratika, halionekani tena, na mtoto anachezea mchanga wake halafu ananyonya kidole. Kiluwiluwi kinaingia tumboni, kinazurura kwenye ini, kwenye mapafu, mara nyingine kinaishia jichoni. Jichoni! Na dawa ya minyoo ya mbwa ipo, na mfuko upo, umekuja na kamba!

Haya, tulieni. Nimetulia.

Wenzetu wamejaribu kila kitu. New York walitunga sheria mwaka 1978 kwamba mwenye mbwa aokote, na watu wakasema haiwezekani, na watu wakaokota. Paris, miaka ya 1980, walileta pikipiki zenye bomba la kunyonya, dereva kavaa sare anapita barabarani anafyonza. Gharama zikawashinda, wakarudi kwenye faini. Béziers, huko huko Ufaransa, mwaka 2023 wakaanza kudai mbwa awe na hati ya vinasaba, ili fungu likiokotwa lipelekwe maabara liseme lenyewe limetoka kwa nani. Lakini waliokonga moyo wangu ni mji wa Brunete, Hispania, mwaka 2013. Wakajitolea watu, wakawa wanamsogelea mwenye mbwa aliyeacha mzigo, wanamsifia: mbwa mzuri huyu, anaitwa nani? Jina wakishalipata wanakwenda kwenye daftari la halmashauri, wanatoa anwani, wanaupakia mzigo kwenye boksi na kumpelekea mwenyewe nyumbani, boksi limeandikwa "mali iliyopotea". Ningeifanya kazi hiyo bure. Ningevaa na tai.

Isitoshe, kuna wakati kitu hiki kilikuwa mali kweli. London ya karne ya 19 kulikuwa na watu wanaozunguka na ndoo wanaokota kinyesi cha mbwa kwa ajili ya kuwauzia watengeneza ngozi, kwa sababu kililainisha ngozi nyembamba za kutengenezea glavu na majalada ya vitabu. Mabwana wakubwa walipeana mikono na glavu hizo, wakaulizana habari za nyumbani. Tungekuwa zama zile, kijana wangu na mfuko wake kwenye tawi angekuwa na akiba.

Hapa kwetu tuliitisha mkutano wa wakazi. Ajenda ilikuwa moja: mbwa. Mwenyekiti alifungua kwa maneno mazito kuhusu uwajibikaji, huku chini ya kiti chake kalala mbwa wake, hana kamba. Tukakubaliana liwekwe bango. Mmoja akauliza bango litaandikwa nini, na mwingine akasema mbwa hawasomi. Akajibiwa kwamba ni la wenye mbwa. Akasema hao ndio hawasomi zaidi. Basi iwekwe picha ya mbwa na mstari mwekundu. Bibi mmoja akapinga, akasema picha hiyo watu wataelewa kwamba mbwa wenyewe wamekatazwa, na wake hajafanya kosa, wakosaji ni paka, ambao mkutano huu unawalinda sijui kwa nini. Mwenye paka akasimama. Akasema paka anafukia. Bibi akasema anafukia ndiyo, kwenye bustani yangu. Ikachukua muda.

Tuliporudi kwenye bango, ikaonekana mbao zipo, rangi nyekundu ipo, vyote viko stoo. Ufunguo wa stoo ndio haupo. Katibu anasema alimkabidhi mweka hazina, mweka hazina anasema aliupeleka kwa yule bwana anayeshughulikia taa za njiani, na bwana wa taa hakuja mkutanoni kwa sababu, eti, njia ilikuwa giza. Huyo nilikuwa na hamu naye siku nyingi. Maana tulichanga, mnakumbuka, mara ya kwanza tukachangia balbu, ya pili tukachangia nguzo, ya tatu akatuambia nguzo ipo na balbu ipo ila waya—