Wavuvi nao waulizwe
Mwandishi wa habari moja niliyokutana nayo anasema wananchi wa Kigoma waliridhia Ziwa Tanganyika kupumzishwa, yaani uvuvi kusimamishwa, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, lakini waliohojiwa wote ni viongozi, wala hakuna hata mvuvi mmoja. Mimi naishi Katonga, hapa Kigoma, ambako miezi ile vichanja vya kuanikia dagaa vilikaa vitupu, na akina mama waliozoea kushinda hapo wakigeuza dagaa juani walikwenda kutafuta vibarua vya shamba. Sipingi hatua yenyewe, kwani samaki walikuwa wamepungua kweli. Ninachokiomba kwa moyo wote ni habari inayotuhusu ieleze ameulizwa nani, wapi na lini, maana sasa tunalazimika kusikiliza redio mbili tatu, pamoja na za ng'ambo ya ziwa, ili tuujue ukweli wa jambo lililotokea mlangoni kwetu.