Mnunulieni mtoto kamera ndogo, ila msiamini namba za kwenye boksi

Kamera ndogo za bei nafuu zimerudi mjini Nairobi. Ukipita Luthuli Avenue utazikuta kwenye vioo vya maduka, katikati ya chaja na spika za bluetooth. Kuna za kufungwa kwenye funguo, kuna za plastiki ya waridi zenye masikio ya paka. Vijana wanazivaa shingoni wakienda msitu wa Karura, na mtandaoni ubishi hauishi: ni takataka, au ni kitu cha maana? Mimi nasema ni kitu cha maana, na nasema hivyo nikijua vizuri kwamba picha zake ni dhaifu kuliko za simu nyingi tulizo nazo mfukoni. Faida yake ni kwamba haina laini, haina intaneti, haina M-Pesa, na kwa hiyo unaweza kumpa mtoto wa miaka saba akatoka nayo nje.

Tuanze na ile iliyowasha moto wa sasa. Septemba 2025 ilitoka Kodak Charmera, kamera ya kuning'iniza kwenye funguo, yenye uzito wa gramu 30 na urefu wa milimita 58. Inatengenezwa na Reto Production, kampuni ya Hong Kong iliyopewa leseni ya kutumia jina la Kodak, na sura yake imefuata Kodak Fling, kamera ya kutumia mara moja na kutupa iliyotoka mwaka 1987. Marekani inauzwa dola 29.99, kama shilingi 3,900 kabla ya nauli na kodi. Inakuja kwenye boksi lililofungwa: hujui umepata muundo gani kati ya sita mpaka ufungue, na kuna wa saba wa siri ambao nafasi ya kuupata ni moja kwa 48. Hapo ndipo mimi na watengenezaji tunapoachana. Hiyo ni bahati nasibu, na watoto wetu wameshazungukwa na kamari kila kona. Mzazi anayenunua boksi la pili na la tatu akitafuta ile ya siri anamfundisha mtoto tabia mbaya kwa pesa zake mwenyewe.

Kamera yenyewe ina megapikseli 1.6, yaani picha yake imeundwa kwa nukta milioni 1.6 hivi. Kwa mtu aliyezoea simu ya megapikseli 50, hiyo namba ni aibu. Hebu tupige hesabu. Picha zake zina nukta 1440 kwa 1080. Ukiitoa kwenye karatasi ya inchi 6 kwa 4, ile saizi ya albamu inayotolewa na karibu kila studio ya mjini, unapata nukta 240 kwa kila inchi. Wenye studio hupenda 300, lakini picha hiyo ukiishika mkononi huoni kasoro. Ikuze hadi A4 ubaki na nukta kama 123 kwa inchi, na hapo nyuso zinaanza kuyeyuka. Kwa albamu inatosha. Kwa kutundika ukutani, hapana.

Ninazowaogopea zaidi wanunuzi ni zile kamera zisizo na jina. Boksi linasema megapikseli 48 au 64, na 4K, yaani video kali, kwa herufi kubwa. Ndani mara nyingi kuna sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, ndogo ya megapikseli chache tu, kisha programu ya kamera inabuni nukta nyingine katikati ya zile za kweli mpaka hesabu ifike 48. Faili linanenepa, picha yenyewe haiongezeki hata unywele mmoja. Kuugundua ujanja huu unaweza pale pale kaunta. Ingia kwenye menyu, weka megapikseli za juu kabisa, piga picha ya bango lenye maandishi madogo ng'ambo ya barabara. Shusha hadi 8 au 5, piga bango lile lile tena. Sasa kuza picha zote mbili kwenye skrini. Kama maandishi yanasomeka sawasawa kwenye zote, basi 48 ni pambo la boksi.

"Kastoma, hiyo ni orijino kabisa," utaambiwa. Jibu kwa upole: "Sawa, kaka, niwekee betri na kadi nijaribu." Muuzaji mwaminifu hakatai, na wako wengi. Anayekataa, mshukuru uende duka la pili. Luthuli haina uhaba wa maduka. Na ukiwa hapo, usichukue memori kadi inayojiita terabaiti 1 kwa bei ya chakula cha mchana. Kadi za namna hiyo huwa zimepangwa kuidanganya kamera kuhusu ukubwa wake, na zikijaa kwa ukweli wake zinaanza kula picha za zamani. Gigabaiti 16 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana zinabeba maelfu ya picha hizi ndogo.

Sasa jambo linaloniuma zaidi, ambalo wengi wanaozisifu hawaligusi: nyuso zetu. Kamera ya bei hii hupima mwanga wa fremu nzima na kuchukua wastani. Msimamishe mtu mweusi saa sita mchana mbele ya jumba la mikutano la KICC, anga likiwa jeupe nyuma yake, na kamera itaona mwanga ni mwingi, ipunguze, na uso wote ugeuke kivuli chenye meno. Simu hutatua hilo kwa kupiga picha kadhaa kwa mpigo mmoja na kuziunganisha. Kamera ndogo inapiga moja tu, na sensa yake haina uwezo wa kushika mwangaza mkali na weusi kwa pamoja. Nyingi hazina hata kitufe cha kuongeza mwanga kwa mkono. Na tatizo la vifaa vya picha kutotuona vizuri halikuanza leo. Kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi zilipimia rangi zao kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyekaa mbele ya kamera kwa ajili hiyo. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye kipimo. Mtu anapouza kamera Nairobi leo bila kulifikiria hilo, anatuuzia kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mwingine.

Dawa ipo, nayo ni ya bure. Mgeuze mtu auelekee mwanga, na nyuma yake pawe na giza kidogo: barazani, mlangoni mwa duka, kwenye ukuta wa mawe. Epuka jua la utosini; tuko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, na mchana kivuli cha paji la uso kinafunika macho yote. Asubuhi kabla ya saa tatu na jioni baada ya saa kumi ndiyo saa zake. Na Julai, ule mwezi tunaoulalamikia kwa baridi na mawingu, ndio mwezi bora wa kamera hizi Nairobi nzima. Wingu linasambaza mwanga, vivuli vinapotea, ngozi inatoka na rangi yake halisi. Oktoba ni kinyume: ukimbilie jakaranda na kamera ya elfu tatu, zambarau ile yote inakutokea buluu.

Usiku usihangaike nayo. Taa yake ni LED ndogo inayomulika hatua moja au mbili, si flashi halisi. Vitu vinavyokimbia navyo havifai: sensa husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo ukipiga kupitia dirisha la matatu iliyo mwendoni Thika Road, nguzo za taa zote zinatoka zimelala upande. Wapo wanaoupenda mtindo huo. Mimi siupendi, ila haunikeri.

Wengine watasema, kwa pesa hizo hizo si bora kamera ya mtumba? Swali zuri. Mwaka 2010 watengenezaji walisafirisha zaidi ya kamera milioni 120 duniani, nyingi zikiwa zile za mfukoni, Canon IXUS, Nikon Coolpix, Sony Cyber-shot, na bado zinazunguka. Sensa ya nyingi ya hizo ni inchi 1/2.3, eneo karibu mara tatu ya sensa ya inchi 1/4 iliyo ndani ya Charmera. Zina lenzi inayovuta karibu kweli, na flashi inayogandisha mtoto akiruka. Kwa picha tu, ya mtumba inashinda bila ubishi. Lakini kagua kabla ya kulipa: washa na kuzima mara kadhaa usikilize kama lenzi inakwaruza mchanga, uliza betri yake bado inapatikana na chaja iko wapi, na uangalie aina ya kadi. Sony za zamani zinakula Memory Stick, Olympus na Fujifilm za miaka ile xD, na kupata kadi hizo sasa ni safari. Mtu mzima anayetaka kujifunza picha, ninampeleka huko. Mtoto, hapana. Lenzi inayochomoza haivumilii kuanguka kwenye simiti.

Kwa mtoto ndipo kile kidude cha plastiki kinaposimama chenyewe. Simu Nairobi ni benki. Ikipokonywa dirishani mwa matatu, pamoja na kifaa umepoteza laini, pesa, mkopo wa Fuliza, kitambulisho ulichokipiga picha, na wiki nzima ya kupanga foleni. Ndiyo maana mtoto akiomba simu apige picha tunamwambia "usiguse", na akipewa, baada ya dakika mbili yuko kwenye katuni. Kamera ndogo haina pengine pa kwenda. Inapiga picha, basi.

Mpwa wangu anayekaa mtaa wa Umoja alipewa moja likizo ya Agosti. Nilipoziangalia picha zake kwenye kompyuta nilinyamaza kidogo. Zote zimepigwa kutoka urefu wake, kwenye ulimwengu ambao sisi watu wazima hatuuoni tena: tumbo la sufuria lililoungua, mitungi ya maji imepangwa mstari kwenye korido, nguo zinazodondosha maji kutoka ghorofa ya juu. Moja ni ya dirisha la duka la ploti. Wavu wa chuma umejaa fremu nzima, na katikati, kwenye kile kitundu cha kupitishia bidhaa, umetokeza mkono umeshika pakiti ya maziwa, na vidole vimelowa. Muuzaji mwenyewe haonekani. Mpigapicha wa kulipwa angehangaika siku nzima kuipata.

Alimpiga pia nyanya yake akichambua mchele. "Haya mama, piga basi," nyanya akamwambia, "lakini usinipige na leso hii." Mtoto akajibu, "Nyanya, wewe endelea tu na kazi." Na picha ikatoka vizuri, kwa sababu walikuwa barazani na mwanga unatoka mbele.

Kuna upande mmoja ambao sitaki tuupitie juu juu. Kifaa kidogo hivi, watu hawajui kwamba wanapigwa picha. Mlinzi anayemsimamisha mwenye kamera kubwa mlangoni mwa jumba la biashara hamtazami hata kidogo aliye na hiki. Vijana wanaona hiyo ni faida. Mimi naona ni mzigo aliobeba mpigaji. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinalinda faragha ya kila mtu, na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data, lakini hata kabla ya sheria kuna adabu. Mama anayeuza viatu soko la Gikomba yuko kazini kwake. "Mama, shikamoo, naomba nikupige picha moja," halafu unasubiri jibu, na akikataa unashukuru unaendelea. Mtoto afundishwe hilo siku ile ile anapokabidhiwa kamera, kabla hata ya kuonyeshwa kitufe.

Na jambo la mwisho ni karatasi. Picha za simu zetu zinaishia kwenye WhatsApp, zinabanwa, simu inaibiwa au inajaa, zinapotea. Kamera hii haitumi kitu popote, kwa hiyo inakulazimisha ukae, uchague, uzitoe. Chagua chache kila mwezi, peleka kadi studio. Ila uwe macho hapo: picha za kamera hizi nyingi zina umbo la 4 kwa 3, na karatasi ya albamu ni 3 kwa 2. Mashine ya studio ikiachiwa ijaze karatasi, inakata juu na chini, na kinachokatwa juu ni vichwa. Mwambie fundi mapema asikate, aache ukingo mweupe pembeni. Mwingine atakuambia haipendezi. Sisitiza. Kisha andika nyuma ya kila picha jina na tarehe kwa penseli, kwa sababu saa ya hizi kamera husahau mwaka kila betri inapokwisha, na tarehe inayojichapa pembeni huwezi kuitegemea.