Sarufi na fasihi ya Kiingereza ziwe somo moja

Mwanafunzi wa Lubumbashi anafika kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa Kongo wa kumaliza sekondari, na Kiingereza cha miaka kadhaa daftarini. Vitenzi anavigeuza vizuri, na katika mtihani wa lugha maswali ni ya kuchagua jibu, basi anapita. Mpe huyohuyo ukurasa mmoja wa riwaya, umuulize kwa nini mwandishi amekata sentensi pale alipoikata. Atakaa kimya, maana hajawahi kuulizwa hivyo.

Uingereza wana somo la A-level linalounganisha lugha na fasihi, miaka miwili kabla ya chuo kikuu. Mtaala wa AQA, mojawapo ya bodi za mitihani za huko, una mkusanyiko wa maandishi kuhusu Paris: kumbukumbu za wasafiri, miongozo ya watalii, hata maongezi ya watu wa kawaida yaliyonakiliwa pamoja na kusitasita kwao. Vijana wanayachambua kwa makini yaleyale wanayoyapa mashairi: nani anasema, anamwambia nani, ananyamaza wapi. Asilimia 20 ya alama inatokana na utafiti wa mwanafunzi mwenyewe, anapolinganisha andiko la fasihi na lisilo la fasihi juu ya mada aliyoichagua. Mtoto wa sekondari anaaminiwa kuchunguza lugha! Hilo ndilo ninalolitamani kwetu.

Na sikio la kazi hiyo tunalo. Waliokua na michezo ya kuigiza ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi walimtambua mhusika kwa Kiswahili chake kabla hata hajasema shida yake. Mwalimu aanzie hapo. Kisha alete Kiingereza cha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, cha madereva wa Zambia na wanaobadilisha feza, akiandike ubaoni kando ya aya ya hadithi fupi ya Kiafrika, darasa zima litafute tofauti.

Madarasa yamejaa, vitabu ni haba, kweli. Lakini aya moja ubaoni inatosha kwa saa nzima. Kizuizi kikubwa ni mtihani wenyewe: mwalimu hufundisha kitakachoulizwa, na sioni haki ya kumlaumu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiingereza ni lugha rasmi huko. Vijana hawa watasoma mikataba na barua ambamo neno moja linaficha mengi. Kwa hiyo ninaomba wakaguzi waanze na jambo dogo: katika seksheni ya fasihi, swali moja la Kiingereza linalomtaka mtahiniwa asome aya na kuandika, kwa maneno yake, anachokiona ndani yake.